Joy Adamson: Bibi wa simba aliyeyajua maua

Nyumba haipendezi kwa ukubwa wake, bali kwa mkono uliopanga vilivyomo. Mtu wa Kithimani, huko Yatta upande wa Machakos, akitaka kuipamba sebule yake hutafuta kofia ya taa, yaani chengeu, yenye michoro ya majani na maua. Aghalabu atakayoipata ina maua ya Ulaya, ilhali nje ya mlango wake imesimama migunga na mishubiri isiyopata kuchorwa juu ya kitambaa.

Sisi watu wa pwani jambo hili si geni kwetu. Mafundi wetu wa Lamu na Mombasa walichonga maua na majani katika milango na zidaka, wakaepuka sura za viumbe wenye roho. Basi ni vyema tumkumbuke mtu aliyetumia miaka mingi kuyachora maua ya nchi hii kama yalivyo. Naye ni Bibi Joy Adamson, ambaye wengi humjua kwa habari za simba peke yake.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya dola ya Austria na ambao leo huitwa Opava, katika nchi ya Cheki. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Friederike Victoria Gessner. Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, mtu wa asili ya Kiyahudi. Hatari ya Wanazi ilipokaribia, mume huyo alimtuma Kenya mwaka 1937 aitazame nchi kama yafaa kuhamia. Melini alikutana na Peter Bally, Mswisi mtaalamu wa mimea. Ndoa ya kwanza ikavunjika, na mwaka 1938 akaolewa na Bally. Huyu ndiye aliyempa jina la Joy.

Bally alifanya kazi ya mimea katika jumba la makumbusho la Nairobi. Mwaka huo wa 1938 walikwenda milima ya Chyulu, mpakani mwa Ukambani na Umaasai, na bibi akaanza kuchora maua kwa rangi za maji. Kazi hiyo haimsamehe mchoraji. Ua likichumwa hunyauka, kwa hiyo hana budi kuwahi. Petali zihesabiwe, jani litoke penye kifundo chake, na rangi iwe ileile ya ua lenyewe, kwani mtaalamu ataitumia picha hiyo kuutambua mmea. Michoro yake iliingia katika vitabu vya bustani na miti ya Afrika ya Mashariki, na mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza kilimtunukia nishani ya dhahabu ya Grenfell.

Kabla ya hapo, mwaka 1944, alikuwa ameolewa mara ya tatu, na George Adamson, bwana nyama wa kaskazini, waliyejuana huko Garissa. Kisha serikali ya kikoloni ikamwajiri kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao, hata watu wa pwani wakiwemo. Mwaka 1956 wakamlea simba jike, Elsa, ambaye walifika naye hata Kiunga, ufukweni mwa bahari yetu. Kitabu cha habari zake kilitoka mwaka 1960, kikaenea duniani, na toka hapo maua yakasahauliwa.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Tarehe 3 Januari 1980 aliuawa huko Shaba. Kwanza ilivuma kwamba ameuawa na simba, lakini uchunguzi ulionyesha majeraha ya silaha, na mwaka 1981 kijana aliyewahi kuwa mtumishi wake alitiwa hatiani. Mumewe naye aliuawa na majambazi huko Kora mwaka 1989.

Ndoa zake mbili za kwanza hazikudumu, na kufa kwake kulikuwa kwa kutisha. Lakini michoro imebaki. Baadhi yake imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Msomaji akibahatika kufika huko, asiishie kwenye sura za watu; ayatazame na maua. Si lazima kunakili kazi ya mwingine. Mtu wa Kithimani aweza kumpa fundi tawi la mgunga au ua la mshubiri alichore juu ya kitambaa chepesi cha rangi ya maziwa, na ndani yake atie balbu isiyotoa joto kali, kitambaa kisije kikaungua. Usiku taa ikiwashwa, majani yatakayoonekana ukutani yatakuwa ya kwao, na mtoto akiuliza ni mti gani, mama atakuwa na jibu.