Abu Kamil wa Misri: Alimu wa Hesabu Zenye Majibu Mengi

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Leo tunamkumbuka Abu Kamil Shuja bin Aslam wa Misri, aliyeishi takriban mwaka 850 hadi 930 Miladia. Aliiendeleza aljebra ya al-Khwarizmi, akatunga pia kitabu cha kugawa wasia kwa hesabu hiyo. Baadaye Leonardo wa Pisa, kule Italia, alichota katika elimu yake.

Zama zake watu walipenda kuulizana fumbo la sokoni: nunua ndege 100 kwa dirhamu 100, na kila aina ina bei yake. Wengi walijibu kwa kubahatisha. Abu Kamil alichukua fumbo lenye aina tano za ndege, akapata majibu 2,676. Alipolieleza hilo, wasiomjua walimdhania vibaya. Ndipo akatunga Kitabu cha Ndege ili kuonesha njia.

Tuilete hesabu hiyo Bagamoyo. Mtoto katumwa soko la samaki na shilingi 100,000, alete kilo 10 za kamba, changu na dagaa, na fedha yote itumike. Tuseme kilo ya kamba ni 25,000, changu 10,000, dagaa 5,000. Kilo moja ya kamba inazidi changu kwa 15,000, na kilo ya dagaa inapungua kwa 5,000. Basi kila kilo ya kamba ifidiwe na kilo tatu za dagaa, na zilizobaki ziwe changu. Kamba 1, dagaa 3, changu 6: sahihi. Kamba 2, dagaa 6, changu 2: sahihi pia. Na kwa kuwa samaki hupimwa kwa mizani, anaweza kuanza na nusu kilo ya kamba, robo, au chini ya hapo. Majibu hayana mwisho. Ndege hanunuliwi nusu, ndiyo maana majibu ya Abu Kamil yalihesabika.

Hata hivyo, si kila jibu linakubalika. Kamba wakifika kilo tatu, fedha haitoshi hata zilizobaki zote zikiwa dagaa.

Basi mzazi akiona kapu si kama alivyodhania, asimtuhumu mwanawe wizi. Ajumlishe kwanza kilo, kisha fedha. Surat al-Hujurat imetufunza kuhakikisha kabla ya kuhukumu, na kujiepusha na dhana nyingi.

Allah amrehemu Abu Kamil na atuzidishie elimu yenye manufaa. Wallahu aalam.