Maisha ya Donát Bánki, Fundi Aliyetia Maji katika Motere



Kila mutu anajua kwamba maji ikiingia ndani ya motere, motere inaharibika. Lakini kulikuwa fundi mumoja aliyetia maji ndani kwa makusudi, na motere ikaongeza nguvu. Ndiye Donát Bánki, mutu wa sifa kubwa kwao Hungaria.

Alizaliwa tarehe 6/6/1859 katika kijiji cha Bakonybánk. Baba yake alikuwa munganga. Alisoma ufundi katika muji wa Budapest, halafu akafanya kazi katika kiwanda cha Ganz. Tarehe 11/2/1893, yeye na rafiki yake János Csonka waliandikisha karburateri, chombo kinachopuliza esanse na kuichanganya na hewa. Maybach wa Ujeremani aliandikisha yake miezi kadhaa nyuma, lakini watu wengi walimupa Maybach heshima yote. Bánki hakuacha kazi kwa sababu hiyo.

Katika 1894 akatengeneza motere yenye kupulizwa maji. Sasa, maji inasaidia namna gani? Motere inakamua hewa na esanse mbele ya kuwasha. Ukikamua sana, nguvu inazidi. Lakini joto pia inazidi, esanse inawaka mbele ya saa yake, na motere inagonga kama nyundo. Bánki akaingiza maji kidogo, laini kama umande. Ile maji inageuka mvuke, na inapogeuka inakamata joto. Basi unaweza kukamua zaidi bila motere kugonga.

Katika 1905 Alfred Büchi wa Uswisi akaandikisha turbo: moshi inayotoka inazungusha gurudumu, na gurudumu inasukuma hewa nyingi ndani. Kumbe shida ni ile ile, maana hewa iliyosukumwa inapata joto. Kwa hiyo dawa ya Bánki ikarudi. Ndege za vita ya pili ya dunia zilitumia maji iliyochanganywa na alkoli. Katika 1962 motokari ya Marekani, Oldsmobile Jetfire, ilikuwa na turbo pamoja na tanki ya mchanganyo huo. Lakini wenye motokari wengi walisahau kujaza tanki, na ikiwa tupu, nguvu ya turbo inapunguzwa. Hata BMW ilirudilia maji katika M4 GTS ya 2016.

Katika 1899 Bánki akawa profesa. Karibu na mwisho wa maisha yake akatoa turbini ya maji: maji inapiga mabawa ya gurudumu ikiingia, inapita katikati, halafu inayapiga tena ikitoka. Michell wa Australia naye alikuwa amefikiri vile vile mbele yake. Fundi wa kulehemu anaweza kuitengeneza, na inafaa mito midogo. Sisi wa Mumosho, tunaoona Ruzizi ikizaa umeme, tusizarau vijito vyetu vinavyoshuka bure mulimani.

Bánki alikufa Budapest tarehe 1/8/1922.

Ndugu, maji ile ile inaua motere na inaipa nguvu. Tofauti iko katika kipimo, na kipimo kinatafutwa kwa hesabu na fizika. Basi tusikimbie masomo hayo.