HAJI MUHAMMAD MUHSIN WA HOOGHLY: WAKFU WA FAMILIA MOJA ULIOSOMESHA WATOTO WA BENGAL

 

Wapenzi wasomaji, mara nyingi baada ya darsa wazazi hutuuliza swali hili: je, familia isiyo tajiri, yenye duka moja la kupangisha au kipande cha shamba, yaweza kuweka wakfu ili pato lake lilipe karo za watoto wa mtaani na kuvisaidia vyama vidogo vya kheri vinavyohudumia mayatima na wajane? Jibu la kifiqhi ni fupi. Yaweza, na asili ya jambo hili ni ile ardhi ya Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) huko Khaybar, ambayo Mtume (s.a.w.) alimshauri alizuie shina lake na kuyatoa matunda yake, isiuzwe wala isirithiwe. Lililo refu ni habari ya yale yanayoupata wakfu baada ya mwenyewe kufukiwa. Kwa ajili hiyo leo tumeona tusimulie maisha ya Haji Muhammad Muhsin, mtu mashuhuri sana Bengal ambaye huku kwetu hatajwi sana.

Alizaliwa mwaka 1732 katika mji wa Hooghly, ulio kando ya mto wenye jina hilo, kaskazini ya Kolkata. Mji huo ulikuwa bandari ya wafanyabiashara wa Kiajemi, na baba yake, Haji Faizullah, alikuwa wa asili hiyo. Mama yake, Zainab Khanum, aliolewa na Faizullah baada ya kufiwa na mume wa kwanza, Agha Motahar, mtu mwenye ardhi kubwa upande wa Jessore. Agha Motahar aliacha binti mmoja tu, Mannujan. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa alimpa binti yule hirizi iliyofungwa na kuagiza isifunguliwe mpaka yeye afariki. Ilipofunguliwa ikakutwa ndani yake hati ya kumpa mtoto mali yote. Kisa hicho hatukitegemei sana, ila mali kweli ilikuwa ya Mannujan, na wala haikuwa ya mama wala ya baba wa kambo.

Wasomaji na waliangalie jambo hili vizuri. Muhsin alikulia nyumbani kwa dada yake wa mama mmoja, dada aliyemzidi kwa miaka kadhaa, na kila alichokiona cha utajiri kilikuwa cha dada huyo. Familia ngapi zimevunjika kwa hali ndogo kuliko hiyo! Wao walipendana. Walisoma pamoja kwa mwalimu aitwaye Agha Shirazi, mtu aliyekuwa ametembea nchi nyingi, na visa vyake vya safari vilimwingia kijana moyoni. Baadaye Muhsin alikwenda Murshidabad, uliokuwa mji wa watawala wa Bengal, kuendelea na masomo. Alijua Kiajemi na Kiarabu, na hati ya mkono wake ilisifiwa. Wasimulizi wanasema alinakili misahafu kwa mkono wake na kuigawa kwa wasio na uwezo.

Alikuwa na umri wa miaka 25 pale Waingereza waliposhinda katika vita vya Plassey mwaka 1757, na mwaka 1765 Kampuni ya East India ikapewa haki ya kukusanya kodi ya Bengal. Nchi aliyozaliwa ikawa nchi nyingine mbele ya macho yake. Dada yake alipoolewa na Mirza Salahuddin, aliyekuwa na cheo cha utawala hapo Hooghly, Muhsin aliona amana yake ya kumtunza imekwisha, akafunga safari. Alihiji Makka, akazuru Madina, akatembea Uajemi, Iraq na nchi za Waturuki. Miaka ilipita mingi. Hakuoa.

Mannujan alifiwa na mumewe bila ya kuacha mtoto. Mjane huyu aliyasimamia mashamba yake mwenyewe, akikagua hesabu na kuwasikiliza wapangaji, na tunasema wazi kwamba bila yeye pasingekuwa na wakfu wa kusimuliwa. Watu humtaja Haji Muhsin wakamsahau huyu mama. Alipoona nguvu zinamwishia alimwita ndugu yake arudi amsaidie, na alipofariki mwaka 1803 mali yote, pamoja na eneo kubwa la Syedpur huko Jessore, ilimwangukia Muhsin. Alikuwa mzee wa miaka 71, hana mke, hana mtoto, na nguo alizovaa zilikuwa za mtu aliyezoea njia kuliko za mwenye mashamba. Watu wa Hooghly husimulia kwamba usiku alikuwa akipita vichochoroni amejifunika, akiwapelekea chakula wagonjwa na wajane ambao hawakujua mpaji ni nani.

Mwezi wa Aprili 1806 aliandika hati ya wakfu. Mali yote iliyotokana na dada yake aliitoa katika njia ya Mwenyezi Mungu milele, na pato lake akaligawa mafungu tisa. Matatu yalikuwa ya ibada na kumbukumbu za dini, na matengenezo ya imambara na makaburi. Manne yalikuwa ya mishahara ya watumishi, malipo ya uzeeni na sadaka. Mawili aliwapa wasimamizi wawili, fungu moja kila mmoja, kuwa ujira wao. Muhsin alikuwa Shia, na hati yake ilifuata mazoea ya madhehebu hiyo; tunalitaja hili kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, na faida ya wakfu huo baadaye iliwafikia Waislamu wa Bengal, ambao wengi wao ni Sunni, bila ya kuulizwa. Wasimamizi aliowachagua walikuwa marafiki zake, Rajab Ali Khan na Shakir Ali Khan. Yeye aliishi maisha madogo mpaka tarehe 29 Novemba 1812, alipofariki akiwa na miaka 80, akazikwa hapo hapo Hooghly.

Hapo ndipo yalipoanza ya kuanza. Wasimamizi waliokula chumvi yake waliigeuza amana. Malipo yaliyoagizwa hayakufika kwa waliostahiki, kodi ya serikali ikacheleweshwa, hesabu zikawa hazieleweki. Sheria ya mwaka 1810 ilikuwa imeipa idara ya mapato ya serikali ya Waingereza mamlaka ya kuangalia mali za wakfu, na kwa mlango huo serikali iliingia, ikawaondoa wasimamizi na kujiweka mahali pao. Kesi ikaanza, ikapanda ngazi baada ya ngazi mpaka baraza la rufaa la Mfalme huko London, na haikumalizika mpaka mwaka 1835. Muda wote huo pato lilikuwa likirundikana.

Sisi tuliokaa katika kamati za misikiti tunaijua harufu ya habari hii. Tuliwahi kuiona nyumba ya wakfu imepangishwa kwa kodi isiyotosha kununua gunia la mchele, kwa sababu mpangaji ni shemeji ya msimamizi, na kila aliyeuliza aliambiwa asichochee fitina. Muhsin aliwaamini marafiki, lakini hati yake haikuweka mtu wa kuwakagua. Kwa maoni yetu hilo ndilo lililokuwa pengo lake, na mgeni mwenye bunduki ndiye aliyeliziba, kwa faida zake.

Serikali ilipojikuta na fedha nyingi mkononi iliamua kuzitumia kwa elimu, pamoja na lile fungu moja la tisa lililokuwa la msimamizi wa pili. Hati ya Muhsin haikutaja chuo. Mafakihi wetu husema sharti la aliyeweka wakfu lina uzito mkubwa usiovukwa kirahisi, na hapa pana mjadala. Ila ziada inapopatikana kupita mahitaji yaliyoandikwa, kuielekeza kwenye kheri iliyo karibu na nia ya mwenyewe kuna njia yake, na elimu ni kheri bila ya shaka. Tarehe 1 Agosti 1836 kikafunguliwa chuo cha Hooghly. Kwa siku chache tu waliojiandikisha walipita elfu moja.

Lakini ni nani waliojiandikisha? Katika idara ya Kiingereza, iliyokuwa ndiyo mlango wa kazi za serikali, Waislamu walikuwa wachache mno, na wengi wao walikwenda idara ya Kiarabu na Kiajemi. Mwaka uliofuata, 1837, sheria ikaanza kukiondoa Kiajemi mahakamani. Basi vijana wa Kiislamu wakakuta lugha waliyoisoma haina tena meza ya kuandikia. Kwa zaidi ya miaka 30 mali ya Mwislamu ilikuwa ikiendesha chuo ambacho watoto wa jirani zake Wahindu walifaidika nacho zaidi, na hatuwalaumu hata kidogo. Waliuona mlango wakaingia. Mwandishi mkubwa wa riwaya za Kibengali, Bankim Chandra Chattopadhyay, alisoma hapo. Lawama tunaigawa sehemu mbili: serikali iliyotumia mali ya wakfu kuendesha chuo ambacho ingeweza kukigharimia kwa fedha zake, na wazee wetu waliodhani kwamba kumzuia mtoto na shule ya mgeni ni kuihifadhi dini yake.

Malalamiko yalikuja taratibu. William Hunter, ofisa wa Kiingereza, aliliandika suala hili katika kitabu chake cha mwaka 1871 kuhusu Waislamu wa India. Kabla yake na baada yake alikuwepo Nawab Abdul Latif, aliyeanzisha mwaka 1863 jumuiya ya elimu ya Waislamu huko Kolkata, mtu mpole wa maneno asiyechoka kuandika barua. Mwaka 1873 serikali ilikubali kuubeba mzigo wa chuo kwa fedha zake, na mfuko wa Muhsin ukarudishwa kwa Waislamu. Madrasa zikapata fedha Dhaka, Chittagong na Rajshahi, na mwanafunzi wa Kiislamu katika shule na vyuo vya serikali akawa analipiwa theluthi mbili za karo. Theluthi iliyobaki alilipa mzazi. Kwetu sisi kipimo hiki ni cha busara, kwa kuwa mzazi anayelipa kidogo huuliza mtoto amesoma nini.

Miongoni mwa waliosoma Hooghly alikuwemo Syed Ameer Ali, aliyezaliwa mwaka 1849, akawa jaji wa Mahakama Kuu ya Kolkata, na mwaka 1909 Mhindi wa kwanza kukaa katika lile baraza la rufaa la London. Huyu anatugusa hata sisi wa pwani. Mwaka 1894 baraza hilo lilikuwa limeutengua wakfu uliowekwa kwa ajili ya kizazi cha mwenyewe huku masikini wakitajwa mwishoni tu, kinyume na fiqhi tunayoisoma. Ameer Ali aliupinga mtazamo huo kwa kalamu yake. India ilitunga sheria ya kuusahihisha mwaka 1913. Na bado, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kesi ya wakfu wa familia iliyotoka Kenya iliamuliwa London kwa kufuata kauli ile ile ya 1894.

Jina la Haji Muhsin limebaki. Imambara ya Hooghly, iliyojengwa kati ya miaka 1841 na 1861 kwa pato la wakfu wake, ingali na mnara wake wa saa juu ya mto. Chuo kinaitwa Hooghly Mohsin, na Chittagong kuna chuo chenye jina lake, kama lilivyo bweni moja la wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Dhaka. Bengal ilipogawanywa mwaka 1947, mashamba ya dada yake ya Jessore yaliangukia Pakistan, ambayo upande huo ndio Bangladesh ya leo, na kaburi lake likabaki India.