Anthony Trollope: Karani mchelewaji aliyegeuka gwiji wa alfajiri

NI waandishi wachache katika historia ya fasihi ya Uingereza waliozithamini saa za alfajiri kama Anthony Trollope, aliyeaga dunia Desemba 6, 1882 akiwa na umri wa miaka 67. Mbali na kuitumikia Idara ya Posta ya nchi hiyo kwa karibu miaka 33, Trollope aliandika riwaya 47, vitabu vya safari na hadithi fupi nyingi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika kabla ya kiamsha kinywa.

Hata hivyo, wanaomkumbuka kwa nidhamu hiyo husahau kwamba hakuzaliwa nayo. Katika ujana wake alijulikana kwa uzembe, uchafu na kuchelewa kazini. Utaratibu wake wa asubuhi ulijengwa polepole, kwa miaka mingi, na mtu aliyefahamu fika aibu ya kushindwa.

Trollope alizaliwa jijini London Aprili 24, 1815. Babake alikuwa wakili mwenye elimu kubwa lakini mkali wa hasira, na wateja wakamkimbia mmoja baada ya mwingine. Alipojaribu kilimo, nacho kikamzamisha katika madeni zaidi.

Umaskini huo ulimfuata mtoto hadi shuleni. Alisomea Harrow na Winchester, shule za wana wa matajiri, ilhali nguo zake zilikuwa chakavu na karo haikulipwa kwa wakati. Kwa kipindi fulani alitembea karibu maili tatu katika njia za matope kila alipokwenda Harrow na kila aliporejea nyumbani, mara mbili kwa siku. Wenzake walimtenga na walimu walimchapa mara kwa mara.

Katika upweke huo alizoea kujitungia hadithi kichwani. Hadithi moja aliiendeleza kwa wiki, miezi na hata mwaka mzima, huku akijiwekea sharti kwamba lisitokee jambo lisiloweza kutokea katika maisha ya kawaida. Tabia hiyo aliyoiona kuwa ya hatari ndiyo iliyokuja kuwa mtaji wake.

Aliyemfunza maana ya kurauka ni mamake, Frances Trollope. Mwaka wa 1827 mama huyo alisafiri hadi Marekani kutafuta riziki, na biashara aliyoianzisha mjini Cincinnati ikaporomoka. Alirejea mikono mitupu, ila alikuwa amekusanya mengi ya kusimulia. Kitabu chake kuhusu tabia za Wamarekani kilichapishwa mwaka wa 1832, alipokuwa na umri wa miaka 53, na kikapata wasomaji wengi mno.

Tangu hapo kalamu yake ndiyo iliyoilisha familia. Mwaka wa 1834 mumewe aliwatoroka wadai, na jamaa nzima ikahamia mji wa Bruges nchini Ubelgiji. Huko Frances aliwauguza mumewe na watoto wake wawili, Henry na Emily, waliokuwa wameshikwa na kifua kikuu. Henry alifariki Desemba mwaka huo, babake akafuata mwaka wa 1835, na Emily mwaka wa 1836.

Kipindi hicho chote mama huyo hakuacha kuandika. Chupa za dawa na chupa za wino zilikaa pamoja katika nyumba yake. Alikuwa mezani saa kumi alfajiri, na walimwengu walipoamka yeye alikuwa amekwisha kumaliza kazi ya siku. Alipoacha kuandika alikuwa ametoa zaidi ya majuzuu 100. Mwanawe aliyaona hayo yote, lakini yalichukua miaka mingi kumwingia.

Novemba 1834, kupitia kwa marafiki wa mamake, Trollope aliajiriwa kuwa karani katika makao makuu ya Posta jijini London. Alikuwa na umri wa miaka 19 na mshahara wake ulikuwa pauni 90 kwa mwaka. Alipopewa kipande cha gazeti akinakili ili apimwe hati, alichafua karatasi kwa wino. Aliambiwa kwamba angetahiniwa hesabu siku iliyofuata, lakini hakuna aliyemtahini.

Miaka saba aliyokaa katika ofisi hiyo ilikuwa ya hasara. Alifika kazini akiwa amechelewa, akagombana na wakubwa wake, na mara kadhaa alinusurika kufutwa. Jioni hakuwa na kwao pa kwenda wala pesa za kutosha. Deni la pauni 12 alilodaiwa na fundi wa nguo liliangukia mikononi mwa mkopeshaji wa riba, na kufikia mwisho Trollope alikuwa amelipa zaidi ya pauni 200 kwa ajili ya fedha chache alizopata. Mkopeshaji huyo alikuwa akimwandama hadi ofisini.

Mkondo wa maisha yake uligeuka mwaka wa 1841. Ilipopatikana nafasi ya karani wa mkaguzi wa Posta katika kijiji cha Banagher, Ireland, aliiomba, na wakubwa wake walifurahi kumwondoa machoni pao. Barua iliyomtangulia ilieleza kwamba hafai kitu. Kwa bahati njema, mkaguzi aliyempokea aliamua kumpima kwa kazi yake na si kwa sifa mbaya alizoletewa.

Kijana aliyekuwa mzigo London aligeuka mchapakazi. Alizunguka vijijini kwa farasi akipokea malalamishi ya wananchi na kukagua hesabu za maposta. Aliianza riwaya yake ya kwanza mwaka wa 1843, na Juni 1844 alimwoa Rose Heseltine, ambaye baadaye alikuwa akimnakilia miswada.

Mafanikio ya uandishi hayakuja upesi. Riwaya ya kwanza, The Macdermots of Ballycloran, ilitoka mwaka wa 1847 na haikusomwa. Ya pili ilichapishwa nakala 375 na zikauzwa 140 pekee. Ya tatu nayo ilianguka. Hata The Warden ya mwaka wa 1855, iliyoanza kumjengea jina, ilimwingizia karibu pauni 20 tu. Alikuwa ameandika kwa zaidi ya miaka 10 bila kupata kipato cha maana.

Ni katika kipindi hicho alipotambua kwamba mtu mwenye kazi ya ofisini hana budi kuutafuta wakati mahali ulikojificha. Kazi ya Posta ilimweka safarini mfululizo. Basi akajitengenezea ubao mdogo wa kuandikia, akawa anaandika kwa penseli ndani ya mabehewa ya treni. Sehemu kubwa ya Barchester Towers, iliyochapishwa mwaka wa 1857, iliandikwa kwa njia hiyo.

Wakati huohuo hakuipuuza kazi iliyomlipa mshahara. Mwaka wa 1851, alipotumwa kwenye Visiwa vya Channel, alipendekeza yawekwe masanduku ya barua kandokando ya barabara ili wananchi wasilazimike kwenda hadi posta. Masanduku hayo yaliwekwa kwanza Jersey, kisha yakaenea kote nchini Uingereza.

Utaratibu uliompa umaarufu ulikomaa alipohamia Waltham Cross, karibu na London, mwaka wa 1859. Aliazimia kuwa mezani kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri, na hakujipa ruhusa ya kujihurumia. Kwa kuwa alijua udhaifu wake, hakuutegemea utashi wake pekee. Alimwongezea mtunza farasi wake, mzee kutoka Ireland, pauni tano kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa. Katika miaka yote waliyokaa pale, mzee huyo hakuchelewa hata mara moja. Baadaye Trollope alikiri kwamba mafanikio yake aliwiwa na mzee huyo kuliko mtu mwingine yeyote.

Nusu saa ya kwanza aliitumia kusoma alichoandika siku iliyotangulia, akiyapima maneno kwa sikio na kuirudia sauti ya hadithi. Kisha aliiweka saa yake mbele yake na kujidai maneno 250 kwa kila robo saa. Kufikia saa mbili unusu alikuwa ameandika takriban maneno 2,500, yaani kurasa 10 kwa hesabu yake, na hapo aliiweka kalamu chini. Alivaa, akala kiamsha kinywa, akaenda kazini kama karani mwingine yeyote.

Aliamini kwamba saa tatu kwa siku zinamtosha mwandishi, mradi asizipoteze kwa kuutazama ukuta. Aidha, kila alipoanza kitabu alichora daftari lenye siku na wiki, akaingiza idadi ya kurasa alizomaliza. Kiwango chake cha kawaida kilikuwa kurasa 40 kwa wiki, ingawa zilishuka wakati mwingine hadi 20 na kupanda hata 112. Siku aliyozembea ilibaki wazi daftarini, ikimsuta kila alipolifungua.

Nidhamu hiyo alisafiri nayo. Alipokwenda Misri mwaka wa 1858 kujadili mkataba wa Posta, alimaliza Doctor Thorne siku moja na kesho yake akaanza The Bertrams. Mwaka wa 1871, akielekea Australia, aliagiza meza itengenezwe ndani ya chumba chake melini. Katika wiki nane za safari aliandika kurasa 66 kila wiki, na alipofika Melbourne riwaya ya Lady Anna ilikuwa tayari.

Matunda yake yalionekana. Framley Parsonage, iliyoanza kutolewa kwa sehemu jaridani mwaka wa 1860, ilimletea pauni 1,000. Mwaka wa 1867, akiwa ameweka akiba ya kutosha, alijiuzulu Posta kabla ya kufikisha umri wa kupata malipo ya uzeeni. Alipopiga hesabu mwaka wa 1879, aliona kuwa vitabu vyake vilikuwa vimemletea pauni 68,939, shilingi 17 na peni 5.

Kwa upande mwingine, saa hizo za alfajiri hazikumfanya mtawa. Kwa kuwa kazi ya kuandika ilikwisha mapema, aliwinda mbweha kwa farasi mara mbili au tatu kwa wiki katika msimu wake, akacheza karata kilabuni na kula na marafiki. Mkono ulipomlemea katika miaka yake ya baadaye, mpwa wa mkewe, Florence Bland, alimwandikia huku yeye akitamka.

Novemba 1882 alipatwa na kiharusi, na mwezi uliofuata akafariki huku riwaya ya The Landleaguers ikiwa haijakamilika. Mwaka wa 1883 mwanawe Henry alichapisha tawasifu aliyoachiwa, ambamo Trollope alikuwa ameeleza bila kuficha habari za saa, daftari, idadi ya maneno na fedha.

Ukweli huo ulimponza. Wahakiki walioamini kwamba sanaa hushuka kama upepo walishtuka kumsikia mtu akiufananisha uandishi na kazi ya fundi viatu. Walimwona kama mashine ya kutoa kurasa, na hadhi yake ikafifia kwa miongo kadhaa. Wasomaji walimrudia kwa wingi wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na mwaka wa 1993 jiwe la kumbukumbu yake likawekwa katika Kanisa la Westminster Abbey, kwenye pembe ya washairi na waandishi.

Waliomshutumu walikuwa wameona upande mmoja tu. Saa ilipima wakati wa kuandika, lakini haikupima muda mrefu zaidi aliokaa na wahusika wake akiwa juu ya farasi, garini au njiani kwenda kazini. Yule mtoto aliyejitungia hadithi kwenye njia za matope hakuwahi kuacha. Alfajiri alikuwa akivuna tu alichokipanda mchana kutwa.

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Trollope alithibitisha kwamba kibaba hicho hakijazwi na aliyezaliwa hodari pekee. Kinaweza kujazwa na mtu aliyeujua uvivu wake kwa jina, akamlipa mwingine amgongee mlango, akaketi mezani kabla uvivu huo haujaamka.