Padre Marin Mersenne na orodha yenye makosa



Sisi tunaosoma falsafa tunamfahamu Descartes tangu mwaka wa kwanza. Rafiki yake mtawa, aliyepeleka hoja zake kwa wasomi ili wazipinge, hatumtaji sana. Huyo ni Padre Marin Mersenne.

Alizaliwa Ufaransa tarehe 8 Septemba 1588. Alisoma kwa Wajesuiti huko La Flèche, kisha teolojia Paris. Mwaka 1611 aliingia Shirika la Waminimi, watawa ambao wakati huo kwa nadhiri hawakula nyama, mayai wala maziwa. Alifundisha falsafa Nevers, halafu akarudi Paris. Wakati huo majarida ya sayansi hayakuwapo. Chumba chake kilifanya kazi hiyo. Alipokea barua za wasomi na kuwapasha wengine yaliyomo. Alipofariki, zilikutwa humo barua za watu zaidi ya 70.

Jina lake linaishi katika hesabu. Namba tasa ni ile inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. Chukua mbili tatu uzizidishe, unapata 8. Toa 1, inabaki 7, nayo ni tasa. Mbili tano zinatoa 31, tasa pia. Lakini mbili 11 zinatoa 2,047, ambayo ni 23 mara 89.

Mwaka 1644 Padre Mersenne alichapisha orodha. Alisema kwamba ukifika hadi mbili 257, zinazotoa namba tasa ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, basi. Hakuweza kuzipima zote. Yeye mwenyewe alikiri kuwa kwa namba ya tarakimu 15 au 20 muda wote usingetosha.

Alikosea mara tano. Namba 67 na 257 hazikustahili kuwamo. 61, 89 na 107 ziliachwa. Mwaka 1876 Édouard Lucas alionyesha kuwa 127 ni sahihi na 67 si sahihi. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole akaigawanya ile ya 67: ni 193,707,721 mara 761,838,257,287. Ilikuwa imepita miaka 259.

Hata hivyo, namba hizo bado zinaitwa namba tasa za Mersenne. Iliyopatikana mwaka 2024 ina tarakimu 41,024,320.

Sisi tunaojiandaa kwa mimbari tuna hofu ya kukosea mbele ya watu. Wengine tunanyamaza, wengine tunasema kwa uhakika tusio nao. Padre Mersenne naye alisema zaidi ya alichoweza kuthibitisha, na hilo tusilifiche. Lakini alilisema wazi, kwa namna ambayo yeyote angeweza kulipima, na waliolipima wakajua zaidi yake.

Alifariki tarehe 1 Septemba 1648. Alikuwa ameagiza mwili wake upasuliwe na waganga, wajifunze.