Srinivasa Ramanujan: Jibu Lililotangulia Njia

Katika kufundisha hisabati, mara nyingi sisi walimu hukutana na mtoto atoaye jibu sahihi asiweze kueleza amelipataje. Wengine wetu humshuku kuwa amenakili. Wengine humnyima alama kwa kuwa hakuonyesha njia. Kabla hatujamhukumu mtoto wa namna hiyo, yafaa tuyatazame maisha ya Srinivasa Ramanujan, Mhindi aliyekuwa bingwa wa namba.

Ramanujan alizaliwa tarehe 22 Desemba 1887 katika mji wa Erode, kusini mwa India, akakulia Kumbakonam. Baba yake alikuwa karani katika duka la nguo, na jamaa yao haikuwa na mali. Alipokuwa na umri wa miaka 15 au 16 aliazimwa kitabu cha Mwingereza aitwaye Carr, kilichokusanya kanuni za hisabati zipatazo 5,000. Nyingi katika hizo ziliorodheshwa tu, pasipo uthibitisho wa kutosha. Kijana akaanza kuzithibitisha mwenyewe, na katika kufanya hivyo akagundua nyingine zisizokuwamo kitabuni.

Karatasi ilikuwa ghali kwake. Alifanya hesabu juu ya kibao, akafuta kwa kiwiko, na matokeo ndiyo aliyoyanakili daftarini. Kwa hiyo daftari zake zilijaa majibu mengi yasiyo na njia.

Mwaka 1904 alipata ufadhili wa kuingia chuo cha Kumbakonam. Lakini alizama katika hisabati hata akayaacha masomo mengine. Akashindwa mitihani na kunyang'anywa ufadhili. Alijaribu tena katika chuo cha Madras, akashindwa tena. Aliishi kwa shida, na mwaka 1912 akapata kazi ya ukarani katika bandari ya Madras kwa mshahara wa rupia 30 kwa mwezi. Hata hivyo hakuacha kuiamini fikra iliyomjia.

Mnamo Januari 1913 alimwandikia barua G. H. Hardy, mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akaitia kanuni zaidi ya 100. Hardy aliichunguza pamoja na mwenzake Littlewood. Waliona kwamba baadhi ya kanuni zilikuwa zimekwisha julikana, baadhi hazikuwa sahihi, na nyingine hawakupata kuona mfano wake. Wakatambua kuwa mwandishi wake alikuwa mtu wa kipaji adimu. Mwaka 1914 Ramanujan alisafiri kwenda Uingereza.

Hapo ndipo ilipoanza kazi inayotuhusu zaidi sisi walimu. Hardy alikuwa mtu wa kudai uthibitisho katika kila jambo. Naye alijua kwamba ung'amuzi wa Ramanujan uliweza kupotoka. Katika barua yake, kwa mfano, madai yake juu ya idadi ya namba tasa hayakuwa ya kweli. Lakini Hardy alichelea kwamba akimlazimisha kuanza upya kama mwanafunzi wa kawaida, angeivunja imani yake. Basi alimfundisha yale ya lazima taratibu, huku wakifanya kazi pamoja.

Natutoe mfano mmoja. Namba 4 yaweza kugawanywa katika mafungu kwa njia 5: 4 yenyewe, 3 na 1, 2 na 2, 2, 1 na 1, au 1 mara nne. Namba 9 ina njia 30, na namba 14 ina njia 135. Mwanahisabati MacMahon alikuwa amezihesabu njia hizo hadi namba 200. Ramanujan alipoitazama orodha hiyo aling'amua kwamba kila namba inayoishia na 4 au 9 ina idadi ya njia inayogawanyika kwa 5. Hakuishia hapo, alitafuta uthibitisho, akauchapisha mwaka 1919.

Mwaka 1918 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London. Lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha mdhoofisha. Alirejea India mwaka 1919, akafariki tarehe 26 Aprili 1920, akiwa na umri wa miaka 32. Wataalamu waliendelea kuzithibitisha kanuni za daftari zake kwa miaka mingi baada ya kifo chake.

Twajifunza nini? Vyuo viwili vilimpima kijana huyu kwa kipimo kimoja, vikampoteza. Hardy alilipokea jibu kwanza, kisha akamsaidia mwenyewe kulitafutia njia. Nasi tukiwa darasani tunaweza kufanya vivyo hivyo. Mtoto akitoa jibu asilojua amelipataje, tulipokee, kisha tumwulize tutalihakikishaje. Tumpe vizibo 5 avigawe katika mafungu kwa kila njia aionayo, lakini kwanza akisie idadi ya njia hizo. Kisio lake liandikwe ubaoni kabla ya kuhesabu. Likiwa sahihi, wenzake watataka kujua kwa nini. Likiwa si sahihi, vizibo vyenyewe vitamwonyesha, wala hatahitaji kuaibishwa na mwalimu. Hivyo mtoto atazoea kuiamini fikra yake na kuipima pia.