Fredric Wertham: Tabibu wa Harlem na Uhakiki wa Vibonzo

Miongoni mwa wapenzi wa vibonzo vya Marekani, jina la Dkt. Fredric Wertham hutajwa kwa hasira hata leo. Wengi humwona kuwa adui wa utanzu huo. Hata hivyo, maisha yake hayakubali hukumu nyepesi namna hiyo, kwani alivisoma vibonzo kwa uzito katika enzi ambapo wasomi wengi hawakuviona kuwa vinastahili hata kutupiwa jicho.

Alizaliwa mjini Nuremberg, Ujerumani, tarehe 20 Machi 1895. Baada ya kuhitimu udaktari, alihamia Marekani mwaka 1922 na hatimaye akafanya makazi New York, akiwa mtaalamu wa magonjwa ya akili. Mwaka 1946, kwa msaada wa mwandishi Richard Wright, alifungua Zahanati ya Lafargue mtaani Harlem, katika chumba cha chini cha kanisa. Wahudumu walijitolea bila mshahara, na ada ilikuwa senti 25 kwa aliyeweza kulipa. Kwa kuwa Wamarekani weusi walikuwa na mahali pachache mno pa kupata matibabu ya aina hiyo, hili halikuwa jambo dogo. Aidha, mwaka 1951 aliwachunguza watoto weusi na weupe kutoka Delaware, akatoa ushahidi mahakamani kwamba kuwatenga wanafunzi kwa misingi ya rangi kunawadhuru. Kesi hiyo ilikuwa mojawapo ya tano zilizoamuliwa kwa pamoja na Mahakama ya Juu tarehe 17 Mei 1954, uamuzi ulioharamisha utengano katika shule za umma.

Ni katika kuwasikiliza watoto ndipo alipokutana na vibonzo. Kitabu chake, *Seduction of the Innocent*, kilichapishwa mwaka huohuo wa 1954. Ndani yake alishutumu hadithi za uhalifu na za kutisha, akidai kwamba zilichangia kuwapotosha vijana. Alishutumu pia hadithi za msituni ambamo watu weusi walichorwa kama washenzi mbele ya shujaa mweupe. Hoja hii ya pili ina mashiko, na inasikitisha kwamba ilifunikwa na kelele za ile ya kwanza. Maana ile ya kwanza ilikuwa na ufa: ikiwa takriban watoto wote walisoma vibonzo, wahalifu na wasio wahalifu, basi kumpata mhalifu aliyevisoma hakuthibitishi lolote.

Tarehe 21 Aprili 1954 alifika mbele ya kamati ndogo ya Seneti iliyokuwa ikichunguza uhalifu wa vijana. Miongoni mwa mifano yake ilikuwa hadithi ya kampuni ya EC iliyojaa matusi dhidi ya watu wenye asili ya Meksiko. Wertham aliyahesabu matusi hayo kuwa mafunzo ya chuki. Mchapishaji, William Gaines, alijibu kikaoni humo kwamba hadithi ilikusudiwa kuukashifu ubaguzi. Naye alikuwa na haki: matusi yamo vinywani mwa wahusika waovu, na mwishowe baba anayeongoza genge la wabaguzi anampiga binti yake mwenyewe bila kumtambua. Msomaji aliyezoea kutenganisha sauti ya mhusika na msimamo wa mtunzi asingeteleza hapo.

Kwa kuogopa sheria ya serikali, wachapishaji walijiundia kanuni zao za udhibiti mwaka huohuo. Wertham hakuridhika nazo. Alichokitaka ni sheria ya kuzuia vibonzo vya uhalifu visiuzwe kwa watoto. Lakini kanuni hizo zilifanya kazi kwa namna ambayo ingemtia uchungu. EC ilipotaka kuchapisha upya hadithi ya kupinga ubaguzi, iliyotoka tena katika toleo la mwanzoni mwa 1956, msimamizi wa kanuni aliagiza kwamba mwanaanga aliye shujaa wake asiwe mtu mweusi. Gaines alikataa katakata, hadithi ikatoka kama ilivyokuwa, na hicho kikawa kibonzo cha mwisho cha EC cha aina hiyo.

Mwaka 1973 Wertham alichapisha kitabu kuhusu majarida madogo yanayotungwa na wapenzi wa vibonzo na hadithi za kubuni za kisayansi, akiyasifu kwa ubunifu na moyo wa ushirikiano. Waliosifiwa hawakumsamehe. Alifariki tarehe 18 Novemba 1981.

Nyaraka zake katika Maktaba ya Bunge la Marekani zilifunguliwa kwa watafiti mwaka 2010. Miaka miwili baadaye, mtafiti Carol Tilley alionyesha kwamba daktari huyu alikuwa ameuchezea ushahidi wake: maneno ya vijana kadhaa aliyaunganisha yakawa ya mmoja, ya mmoja aliyagawia wengine, na matatizo ya nyumbani yaliyoweza kueleza mienendo yao aliyaacha nje. Maelezo ya watoto hao kama walivyoyatoa bado yamo katika nyaraka hizo, kando ya yale aliyoyachapisha.